Watu wa velo walituacha njiani, na sasa mchumba wangu anataka niache rola

Jambo Yaya,

Nakuandikia kutoka Himbi, hapa Goma. Nina miaka 26, ni fundi cherehani, na hakuna mchezo ninaoupenda kama rola, viatu vya magurudumu. Jumapili magari yakipungua tunakutana vijana wa kartie, mtaa wetu, na kuteleza mpaka jasho litutoke. Wengi bado wako sekondari, kwa hiyo mimi ndiye mkubwa wao. Mchumba wangu naye ni mtu wa velo, yaani baiskeli. Ana wenzake, watu wazima wenye kazi zao, wanaoamka alfajiri kwenda kufanya mazoezi, na yeye ndiye anayewaongoza.

Wakati wa likizo nilipata wazo la kuwaunganisha. Nikasema tutoke pamoja siku moja, rola na velo, tufuate barabara ya kando ya ziwa mpaka Sake, tule sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, turudi kabla ya giza. Wote walifurahi. Tulichanga, tukanunua maji na mikate, na pesa ya chakula tukampa mmoja wa watu wa velo aitunze kwa kuwa ndiye mtu mzima.

Tuliondoka asubuhi mapema. Mpaka Keshero mambo yalikuwa mazuri sana, Yaya. Watu walitoka madukani kututazama, watoto wakatukimbilia, wamotari wakapiga honi. Tulipopita mbele ya nyumba ya shangazi yangu alipiga vigelegele. Nilijiambia kwamba kitu hiki tutakifanya kila mwezi.

Baadaye barabara ikaanza kupanda na kushuka, na velo zikaanza kutuacha. Mwanzoni walikuwa wanatungoja mbele. Tukifika tu, wao wanaondoka, sisi hata hatujapata pumzi. Mwishowe hatukuwaona tena. Mvulana mmoja wa miaka 15 akachoka kuachwa, akashika lori la makala (makaa) kwa nyuma, likamvuta. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alipoachia tulishuka wote pembeni kupumzika, kwenye kishimo cha mawe meusi karibu na maji, mahali penye ubaridi mzuri. Wadogo wawili wakalalamika kichwa kinawauma na miguu imelegea, tukadhani ni njaa, tukawapa mikate mingine, tukaendelea.

Kwenye mteremko uliofuata ndipo msichana wa miaka 16 alipoanguka. Vijana wetu wengi wameshatoa breki ya kisigino, wanasema inaharibu sura ya rola, naye pia. Kulikuwa na changarawe juu ya lami, gurudumu likakwama, akatanguliza mikono. Kifundo cha mkono kikavimba pale pale. Nikampigia mchumba wangu, hapokei. Nikawapigia wenzake, hawapokei. Tukasimamisha moto (pikipiki), nikarudi naye Goma mpaka hospitali. Mkono umevunjika, amefungwa plasta. Jioni ndipo tulipojua kwamba wakati ule watu wa velo walikuwa Sake tayari, wanakula sambaza kwa pesa ya wote.

Sasa hivi hali ni hii. Mama wa msichana alikuja kwetu na kumwambia mama yangu, mbele ya majirani, kwamba mimi ndiye nitakayelipa bili ya hospitali. Watu wa velo wanasema watu wa rola ni mzigo, safari ijayo wataenda peke yao. Vijana wangu wanasema wamesalitiwa na hawataki kuona velo tena. Na mchumba wangu, ambaye familia zetu zimeshaanza mazungumzo, ameniambia kwamba rola ni mambo ya watoto, mwanamke anayekaribia kuolewa hawezi kuwa barabarani na viatu vya magurudumu, watu wanaona.

Yaya, nifanye nini? Nilipe? Nitenganishe makundi? Niache rola? Mimi niliona uzuri wa siku ile mpaka Keshero, na sitaki ufe.

Mwenye rola, Himbi


Mdogo wangu,

Pole sana, na umfikishie huyo msichana pole yangu. Maswali yako yote nitayajibu, la bili na la mchumba pia. Lakini ruhusu nianze na jambo ambalo hukuniuliza, maana umelipita kwa sentensi moja na mimi limeninyima utulivu kuliko mkono uliovunjika.

Umesema mlishuka kwenye kishimo cha mawe meusi, karibu na maji, asubuhi, penye ubaridi, na wadogo wawili wakaumwa kichwa na kulegea miguu. Watoto waliokula mikate asubuhi hiyo hawalegei miguu kwa njaa mara tu wanapoketi. Sikuwepo, siwezi kuapa, lakini dalili hizo na mahali hapo ni vya mazuku. Wewe ni mtu wa Goma, neno hili umelisikia tangu utotoni, labda kwa habari ya mbuzi wa fulani aliyekutwa amekufa shimoni bila kidonda. Nakuomba usome vizuri sehemu hii, na uwasomee vijana wako.

Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi yetu ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi juu ikapotea. Inatuama kwenye mashimo na vibonde kama maji kwenye beseni. Usiku, na asubuhi kabla jua halijapasha na upepo haujaamka, ndipo inapojaa zaidi. Mtu aliyesimama ukingoni anaweza asihisi chochote, na mwenzake aliyeketi miguuni pake akawa anaivuta, kwa sababu pua yake iko chini. Hewa unayovuta ikiwa na asilimia 10 tu ya gesi hiyo, unaweza kupoteza fahamu katika muda mfupi, na mazuku za upande wetu huzidi hapo kwa mbali. Ukanda wote wa magharibi ya mji, kutoka Himbi na Keshero kuelekea Bulengo mpaka Sake, kando ya ziwa na kwenye kingo za lava za zamani, unajulikana kwa mazuku. Watu wa Observatoire Volcanologique de Goma wamekuwa wakizichunguza na kuwaonya wakazi kwa miaka mingi.

Watu waliotoka jasho ndio hasa wanaotafuta mahali kama pale mlipoketi. Mmechoka, jua limeanza, mnaona kishimo chenye ubaridi na maji karibu. Basi iwe sheria ya kwanza ya kundi lenu: mapumziko ni juu, mahali pa wazi penye upepo, kandokando ya nyumba au maduka ya watu. Mkitaka kushuka ziwani, ulizeni kwanza wenyeji wa pale pale. Mama anayeuza ndizi hapo anajua shimo lipi halifai hata kwa kuku. Mkiona panya, ndege au wadudu wengi wamekufa sehemu moja, ondokeni. Mtu akilalamika kichwa au kizunguzungu akiwa ameketi chini, wote simameni mpande juu mara moja, mikate baadaye. Na ikitokea mtu ameanguka ndani, asiingie mwingine kumwinamia. Wengi wamekufa hivyo, wa pili akimfuata wa kwanza. Avutwe kwa kamba au mti mrefu na watu walio juu, huku wengine wakiita msaada.

Kuhusu upande wa Sake kuna la kuongeza. Vita vilipita kwenye barabara ile mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025, na unajua vita vinaacha nini kwenye majani. Nje ya lami na nje ya njia zinazokanyagwa na watu kila siku, vijana wasiende hata kujisaidia. Chuma wasichokijua hakiguswi wala hakipigwi picha kwa karibu. Na kabla ya kutoka, mwulizeni mkuu wa kartie na madereva walioamka kule siku hiyo hali ikoje. Wakisita, bakini mjini.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mtu mbaya, sikumpata. Kosa la watu wa velo lipo na nitalisema. Lakini mzizi uko kwenye mpango wenyewe: mlichukua safari ya baiskeli mkawapandisha watu wa rola. Kutoka mjini mpaka Sake ni kama kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Kwa mtu wa velo mwenye mazoezi hiyo ni asubuhi moja ya kawaida. Kwa mtoto wa miaka 15 mwenye magurudumu madogo ni kazi ya kumvunja kiuno. Kule Paris, Ufaransa, kuna msafara wa rola unaoitwa Pari Roller, ulioanza mwaka 1994. Hutoka Ijumaa usiku, ukiwa na watu wengi sana, tena wazoefu. Wao huteleza kama kilomita 30, kwenye lami ya mji, magari yamezuiwa, wakiwa na mapumziko katikati. Hiyo ndiyo safari ndefu kwa watu waliopewa kila kitu. Wewe uliwapa vijana wako karibu mara mbili ya hapo, na malori, na matuta, na chukudu za makala, yale magari ya mbao ya kusukuma, zikishuka.

Tazama pia magurudumu yenyewe. La baiskeli ya kawaida lina upana wa sentimita 60 na zaidi kutoka ukingo hadi ukingo. La rola lina kama sentimita 8. Kijiwe cha lava kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, baiskeli inakipanda bila mwenye baiskeli kujua, lakini kinatosha kulizuia gurudumu la rola ghafla, na mwili unaendelea mbele. Barabara zetu zina vijiwe hivyo kila siku, kwa sababu malori yanayobeba mawe ya kujengea yanavidondosha na mvua inavisomba kutoka pembeni. Kwa hiyo mtu wa baiskeli akikuambia "barabara ni nzuri", anasema kweli kwa upande wake. Njia ya safari ya pamoja lazima ikaguliwe na mtu wa rola, akiangalia chini, kabla ya siku yenyewe.

Na mteremko. Baiskeli ina breki mbili. Rola ina moja, ya kisigino, na vijana wako wameitoa kwa ajili ya sura! Hata mwenye chukudu, aliyechonga chombo chake kwa shoka, ana kipande cha tairi nyuma anachokikanyaga akishuka na gunia zake. Anajua mzigo usio na breki utamfikisha wapi. Safari ijayo, asiye na breki ya kisigino asiondoke. Hilo usilijadili nao. Na hata wenye breki, mteremko mrefu wenye magari hauteremkwi kwa rola. Kila mmoja awe na kambambili zake kwenye mfuko. Mkifika juu ya mteremko mnavua rola, mnavaa kambambili, mnashuka kwa miguu upande wa nje ya barabara. Mtapoteza dakika chache tu. Vijana wataona aibu mara ya kwanza, kisha watazoea.

Vifundo vya mikono nimeviacha makusudi mpaka hapa, maana ndipo msichana alipoumia. Anayeanguka kwenye rola hutanguliza mikono, ni silika, huwezi kumfundisha asifanye hivyo. Ndiyo sababu kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika zaidi katika mchezo huu. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1996 ulionyesha kwamba asiyevaa kinga za viganja yuko katika hatari ya kuumia kifundo karibu mara 10 kuliko aliyevaa. Kama pesa inatosha kununua kitu kimoja tu baada ya kofia ya kichwa, iwe hicho. Zikikosekana madukani, wewe ni fundi cherehani. Kitambaa kigumu, povu, na kipande cha plastiki ngumu kilichopinda kidogo upande wa kiganja ili mkono uteleze badala ya kukita. Chukua mfano wa zile za kununua uzitazame zilivyoshonwa. Hazitakuwa sawa nazo, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko ngozi tupu juu ya lami.

Basi mtengane? Hapana, na hapa natofautiana na vijana wako na watu wa velo pia. Mnahitajiana. Rola peke yao barabarani ni watoto wasioonekana na madereva. Baiskeli zinaweza kubeba maji, dawa, kambambili na kifunguo cha kukazia magurudumu, na zinaweza kusimama kati ya mtoto na lori. Kinachotakiwa ni kuacha kudai kwamba nyote mnaenda mwendo mmoja. Ningekuwa mimi ningepanga hivi.

Watu wa rola wafanye safari fupi, mjini mpaka Mugunga, njiani kabla ya Sake, au hata pungufu ya hapo, Jumapili asubuhi, na iwe mwisho wao. Watu wa velo wanaotaka kutoka jasho waondoke mapema zaidi, waende Sake, wageuze, warudi kuwakuta Mugunga. Kwenda Sake kilomita 25, na kurudi kama 13 mpaka Mugunga, ni kilomita 38 hivi; kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni kama saa mbili. Rola wakiondoka mjini dakika 40 nyuma yao, kwa mwendo wa polepole wenye vituo, mtafika karibu pamoja. Hakuna anayengojwa, hakuna anayekimbizwa, na chakula mnakula wote kwa wakati mmoja, mahali pa wazi. Kurudi, rola wapande gari. Kodini basi dogo, mchango wa safari uhesabiwe hivyo tangu mwanzo. Miguu iliyochoka ndiyo inayoanguka, na mchana magari ni mengi.

Lakini si velo zote ziende Sake. Tatu zibaki na rola kila safari, kwa zamu, na zamu ipangwe kabla. Mmoja anatangulia mbele kidogo, akiinua mkono akiona changarawe, tuta au shimo. Wa pili anakaa upande wa kushoto wa rola, upande wa magari, maana sisi tunatembea kulia. Wa tatu ni wa mwisho kabisa, na hakuna mtu, hata awe nani, anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Huyo wa mwisho ndiye anayeamua mwendo. Akisema simameni, wote wanasimama. Simu yake iwe na chaji na iwe wazi, na ya kiongozi wa mbele pia. Na mnapongojana kwenye kituo, hesabu ya mapumziko inaanzia pale wa mwisho anapoketi, si pale wa kwanza anapofika. Ile tabia ya kuondoka wenzenu wanapofika tu, wakiwa bado wanahema, ndiyo iliyomtuma yule mvulana kushika lori.

Yeye, huyo mvulana, namhurumia kwa kuachwa, lakini safari ijayo abaki nyumbani. Mwambie mbele ya mzazi wake, kwa upole, bila kumwaibisha. Dereva wa lori hamwoni aliye nyuma, na akikanyaga breki mtoto hana pa kwenda. Mwenzake yeyote akishika gari, safari ya siku hiyo imeisha kwa wote. Wakijua hivyo watachungana wenyewe.

Mengine ni madogo. Mvua ikinyesha, au lami ikiwa bado na maji, rola hazitoki, hasa miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Desemba ambapo asubuhi njema inaweza kugeuka kabla ya saa sita. Mkifika kando ya ziwa msitembee na rola mchangani: jozi yenye magurudumu manane ina beringi 16, na vumbi la lava linazisaga. Mkirudi, mzitoe, mzifute, mzikaushe, mtie tone la mafuta. Jua la hapa kwetu, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, linachoma hata kukiwa na ubaridi, kwa hiyo maji yasiwe ya kugawana chupa moja.

Sasa bili ya hospitali.

Nenda kwa yule mama. Usingoje aje tena. Usiende peke yako wala na mchumba wako; nenda na mama yako, au na yule shangazi wa vigelegele, na msiende mikono mitupu. Beba matunda na sambaza, vitu vya mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Usianze kwa kujitetea wala kwa habari ya watu wa velo. Mwambie: mama, ulimkabidhi kwangu, nimekuja kuona anaendeleaje, na nimekuja kusema kwamba bili haitabaki juu yako peke yako. Ulimtoa mtoto wa miaka 16 nyumbani kwao, wewe ndiye mtu mzima aliyemjua, hilo huwezi kulikwepa, na ukilikubali waziwazi hasira yake itapungua nusu. Mama yule alikuwa na hofu. Alikuja kupiga kelele mbele ya majirani kwa sababu hakuna aliyekuwa ameenda kumwona.

Lakini kulipa peke yako, hapana. Safari ilikuwa ya makundi mawili na mchango ulikuwa mmoja. Waite wote, watu wa velo kwanza, uweke bili mezani. Hapa ndipo ninaposema kosa lao: walikuwa watu wazima, walikuwa na pesa ya wote, hawakuangalia nyuma, na hawakupokea simu. Sidhani walifanya kwa ubaya. Ukiwa kwenye baiskeli na mteremko uko mbele yako, husikii simu na hukumbuki wa nyuma. Hata hivyo pesa ya chakula cha wenzao waliila, na kitu cha chini kabisa wanachoweza kufanya ni kuirudisha ianze kulipa plasta. Sema hivyo, kwa maneno hayo, kisha nyamaza uwaache wajibu.

Na mchumba wako. Amekuambia mambo mawili kwa mara moja, uyatenganishe. La kwanza ni kwamba barabara ile na rola ni hatari. Hapo anaogopa kwa ajili yako, na safari ile imempa sababu. Hofu hiyo inajibiwa kwa matendo: breki, kinga, kambambili, gari la kurudia. La pili ni kwamba mwanamke anayekaribia kuolewa haonekani barabarani na viatu vya magurudumu. Hilo ni suala jingine kabisa, na mpango mzuri wa safari hauwezi kulimaliza. Alipokutana nawe ulikuwa tayari mtu wa rola. Hawezi kusema hakujua.

Kwa hiyo mwombe kitu kimoja. Safari ijayo, yeye ndiye awe wa mwisho, nyuma ya rola wote, toka mjini mpaka Mugunga, bila kwenda Sake. Usimwombe mbele za watu, mwombe mkiwa wawili. Kiongozi wa watu wa velo akikubali kukaa nyuma ya mtoto anayeteleza polepole, atakuwa ameona kazi unayoifanya kila Jumapili, na wenzake watamwona. Akikataa, mwulize kwa nini, usikilize jibu lote. Kama ni hofu, endeleeni kuzungumza. Kama ni aibu ya watu, basi swali hilo limalizwe kati yenu kabla ya familia kuketi tena kuhusu mahari, kwa sababu leo ni rola, na baada ya ndoa itakuwa cherehani, au safari ya sokoni. Mimi nisingeacha rola kwa ajili ya macho ya watu. Ningeacha kwa ajili ya goti bovu, au kwa kupenda mwenyewe.

Plasta ya kifundo kwa kawaida hukaa kama wiki 6, na baada ya hapo daktari ndiye atakayesema lini mkono unaweza kubeba uzito tena. Mna muda wa kutosha. Wiki hii nenda kamwone mama, wiki ijayo keti na makundi mawili, kisha wewe na mmoja wa vijana mpande moto mkaikague lami mpaka Mugunga mkiandika kila mteremko. Wazazi wa kila aliye chini ya miaka 18 watie sahihi karatasi yenye njia, saa za kuondoka na kurudi, na namba za simu za watu wazima watatu. Mkutano wa kuchagua tarehe ufanyieni nyumbani kwa huyo msichana, mama yake akiwepo, na yeye ndiye awe wa kwanza kuulizwa kama tarehe inamfaa.